Setilaiti Iliyoitwa Uhuru: Namna Darubini ya Eksirei Inavyopangwa



Likizo iliyopita nilimsindikiza bibi yangu kwenda kupigwa picha ya kifua. Alikuwa amekohoa kwa zaidi ya wiki tatu, na mganga wa zahanati ya kijijini kwetu, huku mkoani Singida, alisema tusingoje tena. Mtaalamu wa eksirei alimwambia avute pumzi, aishikilie, asitikisike. Sekunde moja, kazi ikaisha. Njiani kurudi nyumbani bibi hakuuliza habari za mapafu yake. Aliuliza ile mashine imemwonaje ndani bila kumpasua.

Nilimweleza nilivyoweza. Mashine hutoa miali isiyoonekana kwa macho. Nyama huipisha miali hiyo kwa urahisi, mfupa huizuia, na nyuma ya mgonjwa kuna sahani inayopokea kivuli cha vyote viwili. Nikaongeza, kwa kutaka sifa kidogo, kwamba hata nyota siku hizi zinachunguzwa kwa eksirei. Bibi mbele za watu huniita Frateri, ila tukiwa wawili huniita mume wangu, kama bibi wengine wote. Akaniambia, "Mume wangu, na huko juu nani anazipiga nyota eksirei?"

Ni swali zuri kuliko yeye alivyodhani. Hakuna anayezipiga. Nyota zenyewe, yaani baadhi yake, ndizo zinazotoa miali. Sisi tulicho nacho ni ile sahani ya upande wa pili tu, na kazi yetu ni kuiweka mahali ambapo miali inaweza kuifikia.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilisali nyumbani kwetu. Baada ya Rozari bibi alilitoa lile swali mbele ya watu wote, na mama mwenyekiti wa jumuiya akaongeza la kwake: "Frateri, hela zote hizo wanazirusha angani, wakati sisi kisima kina mwaka hakijatengenezwa. Zinamsaidia nani?" Siku ile nilijibu vibaya, kwa maneno mengi yasiyo na kitu ndani. Hapa najaribu tena, na nitaanzia Kenya, kwa sababu hatua ya kwanza kubwa ya elimu hii ilipigwa pwani ya Kenya, na ilipewa jina la Kiswahili.

Kwanza tatizo lenyewe. Miali ya eksirei hupita kwenye nyama ya mtu, lakini haipiti kwenye hewa yote iliyo juu yetu. Jambo hilo huwashangaza wengi, kwa kuwa hewa tunaiona kama si kitu. Lakini ukikusanya hewa yote iliyo juu ya kichwa chako mpaka mwisho wa anga, uzito wake ni sawa na maji ya kina cha mita 10. Miali ya kutoka nyotani inaishia huko juu kabisa. Hii ni heri kwetu, maana tungeungua. Kwa mwanafalaki ni ukuta. Unaweza kujenga darubini kubwa kiasi gani juu ya mlima mrefu kiasi gani, hutaona hata mwali mmoja. Lazima utoke nje ya hewa.

Mwaka 1962 ndipo watu walipotoka na kuona kitu. Mwitaliano Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyekuwa akifanya kazi Marekani katika kampuni iliyoitwa American Science and Engineering, alirusha na wenzake roketi ndogo kutoka New Mexico usiku wa Juni. Roketi ile haikuzunguka dunia. Ilipanda, ikakaa juu ya hewa kwa takriban dakika 6, ikaanguka. Sababu waliyoitaja ilikuwa kutafuta kama Mwezi unatoa eksirei ukipigwa na miali ya Jua. Mwezi haukuonekana. Kilichoonekana kilikuwa chanzo kikali mno upande wa kundinyota la Nge, mahali ambapo hakuna aliyetarajia chochote. Walikiita Sco X-1.

Ukiwa Singida mwezi wa Julai, saa tatu usiku, Nge yuko juu karibu na utosi, mkia umejikunja upande wa kusini. Anga yetu ya kiangazi haina mawingu, na vijijini taa ni chache. Sco X-1 yenyewe huwezi kuiona kwa macho, kwani mwanga wake wa kawaida ni hafifu sana. Ndiyo maana ule ugunduzi uliwashtua watu: kitu kisichoonekana kwa jicho, kinachomwaga eksirei kwa nguvu isiyoelezeka.

Sasa tufike kwenye kupanga, na hapa ndipo mimi binafsi nilipovutiwa zaidi. Septemba 1963 Giacconi, ambaye hakuwa amefikisha miaka 32, na mwenzake Herbert Gursky waliipelekea NASA mpango mzima. Mwisho wa mpango huo ulikuwa darubini ya kweli ya eksirei, yenye kioo cha kipenyo cha mita 1.2, ambayo ingerushwa mwaka 1968. Miaka mitano tu! Kabla ya hapo wangerusha roketi nyingine ndogo, kisha setilaiti ya kupekua anga yote.

Hiyo setilaiti ya katikati ndiyo tunayoizungumzia. Kwa nini wasingeenda moja kwa moja kwenye darubini? Kwa sababu darubini huona sehemu ndogo sana ya anga kwa wakati mmoja. Ukiwa na jicho kali na hujui pa kuangalia, utatumia maisha yako yote ukitazama giza. Kwanza unahitaji ramani, hata kama ni ya kukadiria. Mwenye kuchimba kisima anaanza kwa kutafuta maji yalipo, na mashine ya kuchimba inakuja baadaye. (Mama mwenyekiti, nakumbuka kisima.)

Basi waliunda kifaa kisicho na kioo hata kimoja. Kilikuwa na visanduku viwili vya gesi, vimegeuziana mgongo. Mwali wa eksirei ukiingia kwenye gesi huacha alama ndogo ya umeme, na kila alama inahesabiwa. Kisanduku chenyewe hakijui mwali umetoka upande gani, kwa hiyo mbele yake waliweka vijibomba vyembamba vinavyoruhusu miali inayokuja moja kwa moja tu. Mtoto aliyewahi kuchungulia kwenye bua la mpapai anaelewa: unaona kiduara kidogo cha dunia, na ili uone yote lazima ugeuke. Setilaiti iligeuka. Ilijizungusha mara moja kila baada ya dakika 12, pole pole, ikifagia anga mstari kwa mstari. Uzito wake wote ulikuwa chini ya magunia mawili ya mahindi.

Ilibaki kuchagua mahali pa kuirushia. Dunia yetu imezungukwa na mikanda ya chembechembe zenye umeme, zilizonaswa na nguvu yake ya sumaku. Chembechembe hizo zikiingia kwenye visanduku vya gesi zinahesabika kama eksirei, na hesabu yote inaharibika. Kuna mahali, juu ya Brazili na Atlantiki ya Kusini, ambapo mikanda hiyo inashuka chini zaidi. Setilaiti inayopita juu ya ikweta, bila kupotoka sana kaskazini au kusini, inakwepa sehemu kubwa ya balaa hilo. Lakini kituo cha Florida kiko mbali na ikweta, nyuzi zaidi ya 28 kaskazini, na kutoka huko kuipinda njia ya setilaiti mpaka ifuate ikweta kunahitaji nguvu ambayo roketi ndogo haina. Ukirushia karibu na ikweta, njia unaipata bure, na juu yake unapata msukumo wa dunia yenyewe, ambayo hapo inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa kuelekea mashariki.

Mahali hapo palikuwapo tayari. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma alikuwa amejenga kituo cha kurushia roketi baharini, mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, nyuzi karibu 3 kusini ya ikweta. Ni majukwaa ya chuma yaliyosimama kwa miguu yao ndani ya maji. Jukwaa la kurushia liliitwa San Marco, na la kuongozea kazi liliitwa Santa Rita. Mwinjili Marko na Rita wa Kashia! Waumini wetu wanaomkimbilia Mtakatifu Rita katika mambo yaliyoshindikana watatabasamu. Italia ilikuwa imekwisha rusha setilaiti yake kutoka hapo Aprili 1967, kwa hiyo mahali palijaribiwa.

Ndipo tarehe 12 Desemba 1970 roketi aina ya Scout, ya hatua nne na miongoni mwa zile za bei nafuu, iliondoka San Marco ikiwa na setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya elimu ya nyota ya eksirei peke yake. Ilikuwa siku ya kutimiza miaka saba ya uhuru wa Kenya. Mhandisi Marjorie Townsend, mwanamke aliyeusimamia mradi huo upande wa NASA, aliipa jina Uhuru, kwa kuwashukuru wenyeji. Kwenye makaratasi ilikuwa na majina mengine, lakini hilo ndilo lililobaki.

Njia yake angani haikupotoka zaidi ya nyuzi 3 hivi kutoka ikweta, na ilimaliza mzunguko mmoja kwa dakika 96. Singida iko karibu nyuzi 5 kusini. Maana yake ni kwamba kila siku, mara kama 14, Uhuru ilipita kwenye anga ya kaskazini ya kijiji chetu. Bibi alikuwa msichana anayechunga na kuchota maji. Hakuna aliyemwambia.

Matokeo yake sitayataja yote, ila mawili siwezi kuyaacha.

La kwanza ni chanzo kinachoitwa Cen X-3, katika kundinyota la Kantarusi. Uhuru iliona miali yake inapiga kama mshipa wa damu, pigo moja kila sekunde 4.8. Kisha, kila baada ya siku 2 na kitu, mapigo yanatoweka kwa karibu nusu siku, halafu yanarudi. Kinachopotea na kurudi kwa ratiba namna hiyo ni kitu kinachozunguka na kujificha nyuma ya kingine. Kwa hiyo ni nyota mbili: moja kubwa ya kawaida, na nyingine ndogo sana, nzito sana, ambayo leo tunaiita nyota ya nyutroni. Gesi ya ile kubwa inavutwa na kuanguka juu ya ile ndogo. Umeme wetu wa Kidatu unatokana na maji yanayoanguka, na hapa ni gesi inayoanguka, kwenye shimo la uvutano lenye nguvu kiasi kwamba gesi inapata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei. Hata ile Sco X-1 iliyowashangaza mwaka 1962 hatimaye ilieleweka kwa njia hiyo hiyo.

La pili ni Cyg X-1, katika kundinyota la Batamaji. Uhuru ilionyesha kwamba miali yake inapepesa kwa haraka, ndani ya sehemu ya sekunde. Hapa inaingia hoja ambayo mwanafunzi wa falsafa anaipenda. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja haraka kuliko muda ambao mwanga unahitaji kukikatiza. Kikipepesa kwa sehemu ya sekunde, basi hata kama ni mbali kiasi gani, unajua kuwa ni kidogo kuliko nyota ya kawaida. Baadaye wanafalaki wa Uingereza na Kanada waliipima nyota kubwa inayozungukana nacho kila siku 5.6, wakakuta kwamba kitu hicho kidogo kina uzito uliozidi mno kuwa nyota ya nyutroni. Kikawa cha kwanza kukubalika kwa wengi kuwa shimo jeusi. Darasani tunafundishwa na Mtakatifu Thoma kwamba kuna uthibitisho unaotoka kwenye athari kwenda kwenye kisababishi, pale kisababishi chenyewe kisipoonekana. Nilikuwa nikiukariri kwa ajili ya mtihani. Nilipokutana na Cyg X-1 nikaona jinsi unavyofanya kazi.

Uhuru ilinyamaza mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaanguka na kuungua hewani. Ngomeni ilirusha nyingine mbili za eksirei: Ariel 5 ya Waingereza, Oktoba 1974, na SAS-3 ya Wamarekani, Mei 1975.

Na ile darubini ya mwaka 1968? Mwaka huo ulipita kimya. Kioo cha eksirei ni kigumu kutengeneza. Miali hiyo ikipiga kioo cha kawaida usoni, inazama ndani. Lazima ipige kwa kukwaruza tu, karibu sambamba na kioo, ndipo iruke. Watoto wa Singida mjini wanajua jambo hili: ukitupa kigae Ziwa Singidani kutoka juu kinazama, ukikirusha ubapa kinarukaruka juu ya maji. Kwa hiyo kioo cha eksirei hakifanani na sahani, kinafanana na pipa lisilo na vifuniko, na miali inakwaruza ukuta wake wa ndani. Ili kunasa miali mingi unapachika mapipa mengi moja ndani ya jingine, kila moja limelainishwa kupita chochote unachokijua. Darubini ya kwanza kubwa ya namna hiyo, iliyopewa jina la Einstein, ilirushwa Novemba 1978. Giacconi na mwenzake Harvey Tananbaum walikuwa wamekwisha peleka pendekezo la ile kubwa zaidi mwaka 1976. Likapangwa, likapunguzwa, likapangwa tena. Darubini hiyo, Chandra, ilipelekwa angani na chombo Columbia tarehe 23 Julai 1999. Pipa lake la nje lina kipenyo cha mita 1.2, kipimo kile kile cha mwaka 1963. Mpango wa miaka 5 ulichukua 36. Aliyeuandika akiwa kijana alikuwa na miaka 67 ulipotimia, na mwaka 2002 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Wazungu wa Ulaya sasa wanapanga nyingine, NewAthena, irushwe katika miaka ya 2030. Ikienda kama ilivyopangwa nitakuwa ninakaribia miaka 40. Baada ya kusoma habari ya mwaka 1963, hilo "ikienda kama ilivyopangwa" nalichukulia kwa tahadhari.

Narudi kwa mama mwenyekiti. Wengi hujibu swali lake kwa kutaja faida zilizoanguka pembeni. Ni kweli kwamba kampuni ile ile ya Giacconi baadaye ilitengeneza mashine za kukagua mizigo kwa eksirei. Ni kweli pia kwamba Röntgen, alipoigundua miali hii mwaka 1895, hakuwa akitafuta kifua kikuu, na leo bibi yangu anameza dawa za miezi sita kwa sababu ya picha ile. Lakini nisimdanganye mtu. Cyg X-1 haitachimba kisima, na Giacconi hakuitafuta kwa ajili ya visima. Aliitafuta kwa sababu alitaka kujua. Mimi naona kutaka kujua ni sehemu ya ubinadamu ambayo maskini nao wanayo, na bibi, aliyeuliza kuhusu mashine kabla ya kuuliza kuhusu kifua chake, hakuwa tajiri. Sidai kwamba hilo linafuta hoja ya kisima. Mama mwenyekiti na mimi hatujakubaliana.

Kuna swali jingine ambalo hakuliuliza, nami naliona zito zaidi. Makala ya mwaka 1971 iliyotangaza matokeo ya kwanza ya Uhuru imetiwa saini na watafiti watano wa Marekani, na hakuna jina la mtu wa Afrika Mashariki. Bahari ilikuwa yetu, ikweta yetu, hata jina letu. Roketi ya mwisho iliondoka San Marco mwaka 1988, majukwaa yakabaki yanashika kutu, na kituo cha nchi kavu kikaendelea kuwasiliana na setilaiti za wengine. Kenya ililalamika kwa miaka mingi kwamba inaambulia kidogo. Mkataba mpya na Italia ulitiwa saini mwaka 2016, ukiwa na vipengele vya mafunzo kwa Wakenya, na Aprili 2023 Kenya ilipata setilaiti yake ya kutazama ardhi, Taifa-1, ambayo ilirushwa kutoka Marekani.

Orodha ya mwisho ya Uhuru, iliyotolewa mwaka 1978, ina vyanzo 339. Kila kimoja kimeandikwa 4U, na namba zinazofuata zinaonyesha mahali kilipo angani. Namba 4 ni toleo la nne. U ni Uhuru. Wanafalaki wa Japani, wa Ujerumani, wa India, wanaandika herufi hiyo mpaka leo. Kimoja kinaitwa 4U 1820-30: nyota mbili zinazozungukana kwa dakika 11 tu, upande wa mashariki wa mkia wa Nge. Jioni moja kabla ya kurudi seminarini nilimwonyesha bibi sehemu hiyo ya anga, tukiwa tumekaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba. Alitazama kwa muda, akasema haoni kitu. Nikamwambia hata mimi sioni.